Mahali Sauti Inapokufa

Opereta wa simu ya upepo aliyetaka kujua ndege iko upande gani hakutafuta pale mlio wake unapovuma zaidi. Alitafuta unapokufa. Mwenzake aliyekuwa angani alibonyeza kitufe na kukishikilia, mlio mmoja mrefu usio na maneno, naye chini akazungusha kitanzi chake cha waya taratibu hadi masikio yasisikie kitu. Sikio letu hutatizika kuamua ipi kati ya sauti mbili kubwa inaizidi nyingine kidogo, bali sauti ikikatika, linajua. Hapo opereta alisoma nyuzi kwenye kipimo, akapiga hesabu, akaituma kwa nukta na vistari vya Morse: QDM, kisha tarakimu tatu. Huo ndio mwelekeo wa kushika ili ndege imfikie. Yote yalifanywa upesi, maana ndege haisimami kungoja hesabu.

Kitanzi hicho kilikuwa na hila zake. Mlio hufa pande mbili zinazokabiliana, kwa hiyo ilibidi ajue kwa njia nyingine ndege iko mbele au nyuma. Jua likizama, mawimbi yanayorudi kutoka juu angani huchanganyika na yanayopita karibu na ardhi, na kipimo huanza kuyumba. Ninachokistahi zaidi ni kwamba opereta hakuyaficha hayo: pamoja na nyuzi alituma pia daraja la uhakika wake, ili rubani ajue aziamini kiasi gani.

Huku kwetu marubani wa mwanzo waliruka bila msaada huo. Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways jijini Nairobi mwaka 1929, rubani alifuata reli, mto na mlima anaoufahamu. Beryl Markham, aliyejifunzia urubani hapa, alivuka Atlantiki peke yake mwaka 1936, kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, bila redio. Ujasiri wake umeandikwa sana, na unastahili. Wale waliokaa na vipokea sauti masikioni wameandikwa kidogo mno.

Imperial Airways ilifungua njia ya London hadi Mwanza mwaka 1931, na mwaka 1937 ndege zake kubwa za kutua majini zilianza kushuka hadi Durban kwa kupitia Port Bell, Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam. Opereta wa redio alikuwa na kiti chake ndani. Ndege ikishapaa, aliteremsha waya mrefu wenye kipande cha madini ya risasi nchani, ukaburuzwa nyuma hewani. Huo ndio uliobeba mlio mbali. Kabla ya kutua aliuvuta wote ndani, la sivyo ungegonga maji. Radi zikikaribia pia aliuvuta. Nanyi mnaolijua Ziwa Victoria mnajua radi zake: kila mmweko, hata wa mbali, hukwaruza kwenye redio, na opereta aliuchambua mlio anaoutaka kama mpishi anavyochambua chuya katika mchele. Kila fundi alikuwa na mkono wake wa kupiga Morse, na wenzake walimtambua kwa mkono huo kabla hajajitaja.

Sauti ya mtu ilipochukua nafasi ya Morse, nidhamu ile ya kusikiliza kwa makini haikutupwa. Madaktari Warukao walianza Nairobi mwaka 1957, kwa wazo la madaktari wa upasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na katika miaka ya 1960 redio za masafa mafupi ziliwaunganisha na hospitali za misheni na zahanati za mbali. Muuguzi alilazimika kueleza jeraha, homa na hali ya kiwanja cha ndege kwa maneno machache, sauti ikija na kupotea. Kisha upande wa pili ukamrudishia aliyoyasema, neno kwa neno.

Mimi naishi Lavington, na ndege ndogo zinazokuja kutua kutoka kaskazini-magharibi katika uwanja wenye jina la Bi Wilson hupita juu yetu zikiwa zimeshaanza kushuka. Rubani wa kila moja ameshapewa QNH, herufi tatu zilizobaki kutoka zama za Morse: kanieneo ya hewa ambayo lazima aiweke kwenye kipimo chake cha kimo. Uwanja wenyewe uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na vilima vya Ngong havipo mbali. Akikosea hektopaskali 10 tu, kipimo kitamdanganya kwa zaidi ya mita 80. Kwa hiyo huirudia tarakimu baada ya tarakimu, na mwongoza ndege, hata akiwa na ndege nyingine zinazomngoja, husikiliza marudio hayo hadi mwisho. Moja ikiwa imekosewa, huitaja upya pale pale, na rubani huirudia tena.