Zamu za Programu

Mnunuzi wa kaa pale Nyamisati hufanya biashara kwa vifaa viwili: mizani ya betri na simu janja. Vyote viwili vina kompyuta ndani. Simu haiwezi kwenda bila mfumo endeshi, mizani inaweza.

Ndani ya mizani mna chipu ndogo yenye programu moja tu. Kaa waliofungwa magando wakitiwa kwenye tenga, kipande cha chuma kinapinda kidogo mno. Chipu inasoma mpindo huo, inaugeuza kuwa kilo, inaandika kwenye kioo, kisha inaanza tena. Hakuna programu nyingine ya kugombania nayo. Kuiwekea mfumo endeshi kungeongeza bei na kumaliza betri bure. Kifaa kinachojua kazi moja na kuitimiza napenda sana kukitazama.

Kwenye simu mambo ni mengi. Malipo ya tajiri wa Dar es Salaam yanaingia, picha ya tenga inapanda WhatsApp, redio inacheza, na papo hapo anapiga mtu aliyemo ndani ya MV Kilindoni akitokea Mafia. Programu hizo zimeandikwa na watu wasiojuana kabisa, na kila moja imeandikwa kama vile simu nzima ni yake. Hapo lazima awepo wa kugawa zamu na nafasi, na kazi hiyo ni ya mfumo endeshi.

Kwenye simu za Android mgawaji huyo ni kiini cha mfumo huo, kiitwacho Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Kiini huipa programu zamu ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, huisimamisha katikati ya hesabu, huhifadhi kila namba iliyokuwa ikishikwa na prosesa, kisha huita nyingine. Zamu ikirudi, namba zile zinarudishwa zilivyokuwa na hesabu inaendelea. Programu haina habari kwamba ilisimama. Hayo hutokea mara nyingi mno ndani ya sekunde moja, na redio haikatiki. Sijui ufundi mwingine wa kompyuta unaonistaajabisha kama huu.

Kumbukumbu nayo imegawanywa. Programu ikijaribu kugusa sehemu isiyo yake, prosesa yenyewe huikatalia na kukiarifu kiini, ambacho kwa kawaida huifunga hiyo peke yake. Nafasi ikibana, Android hufunga zile zilizoachwa nyuma bila kutumiwa. Watu hulalamika kwamba simu imewarudisha mwanzo. Kwangu ni uamuzi wa busara, maana mazungumzo ya simu hayakukatika.

Halafu kuna simu kuukuu, betri imechoka, inazimika ghafla huku faili likiandikwa. Watunzi wa mfumo walilifikiria hilo pia. Kabla ya kubadilisha mpangilio wa mafaili, mara nyingi mfumo huandika kwanza kwenye daftari lake la ndani kile unachokusudia kufanya. Simu ikiwashwa tena, daftari linasomwa: kazi iliyoandikwa kikamilifu inamaliziwa, iliyoandikwa nusu inatupwa. Hesabu iliyokuwa ikiingizwa dakika ile huenda ikapotea. Za msimu mzima uliopita zinafunguka kama kawaida.