Mita Tatu za Ufundi

Mwishoni mwa mwaka 1956, Mfereji wa Suez ukiwa umefungwa, petroli iliuzwa kwa mgao nchini Uingereza. Watu wakaanza kununua vigari vidogo vya Kijerumani, vyepesi na visivyokula mafuta. Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya magari ya BMC, hakuvipenda hata kidogo. Akamwagiza mhandisi Alec Issigonis atengeneze gari dogo lililo gari kweli, tena litumie injini ambayo kampuni ilikuwa nayo tayari.

Issigonis alizaliwa mwaka 1906 huko Smyrna, mji unaoitwa leo Izmir, Uturuki. Alifikiri kwa penseli: wazo lilimjia likiwa mchoro. Safari hii alijiwekea mpaka mkali. Gari liwe na urefu wa mita tatu hivi, na ndani waketi watu wanne wazima na mizigo yao.

Jibu lake lilianzia kwenye injini. Aliilaza kwa kukingama, gia akazitia chini yake, vyote vikatumia oili moja. Magurudumu ya mbele ndiyo yaliyovuta gari, kwa hiyo hapakuhitajika mtaimbo wa kupeleka nguvu nyuma kupitia chini ya sakafu. Magurudumu yalikuwa ya inchi 10 tu, na kampuni ya Dunlop ikayatengenezea matairi yake. Mahali pa springi za chuma, mhandisi Alex Moulton aliweka koni za mpira. Vioo vya milango vilifunguliwa kwa kutelezeshwa. Ndani ya mlango hakukuwa na mitambo ya kuvipandisha, pakabaki mfuko mkubwa wa kuwekea vitu. Hivyo, takriban asilimia 80 ya eneo la gari ikawa ya abiria na mizigo.

Gari hilo, Mini, lilizinduliwa Agosti 1959. Matoleo ya kwanza yaliingiza maji ya mvua sakafuni, na safarini kelele hazikukosekana. Lakini aliyeshika usukani aligundua jambo ambalo Lord hakuliagiza. Magurudumu yalikaa kwenye pembe kabisa za gari, uzito ulikuwa juu ya yale yanayovuta, na koni za mpira hazikuliacha gari lilale upande. Ukikata kona, gari linakata papo hapo, nawe unahisi barabara mikononi. Utamu huo haukuongezwa baadaye. Ulizaliwa na ubanaji uleule wa nafasi.

John Cooper, mtengenezaji wa magari ya mashindano, aliliona hilo mapema, na mwaka 1961 ikatoka Mini Cooper. Mwaka 1964 dereva Paddy Hopkirk akashinda nayo mbio za Monte Carlo, akiyapita magari yenye injini kubwa mara kadhaa kuliko yake. Mini ikashinda tena mwaka 1965 na 1967.

Iliendelea kuundwa hadi mwaka 2000, zikiwa zimetoka zaidi ya milioni 5.3. Leo magari madogo mengi hulaza injini kwa kukingama na kuvuta kwa magurudumu ya mbele. Ninachokiheshimu zaidi kwa Issigonis ni kwamba hakuomba nafasi zaidi. Aliukubali mpaka, kisha akakidai kila kipande kieleze kwa nini kipo. Fundi wa kweli hujulikana hapo: akinyimwa nafasi, hupunguza vyuma, hampunguzii mtu haki yake.