Ziwa Moja, Vitabu Vitatu

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na katika kila sehemu 100 za maji hayo Kenya ina 6 tu. Basi mtu asimamaye Dunga, kando ya mji wa Kisumu, akaitazama Ghuba ya Winam mpaka macho yakachoka, ameona kipande cha kipande. Akirudi kwao na kusema, "Nimeliona ziwa," hasemi uongo, walakini hajasema kweli yote. Ndivyo ilivyo kila elimu: huonyesha upande mmoja kwa nuru kali, na upande wa pili ukabaki gizani.

Nalitanguliza neno hili, msomaji, kwa sababu shuleni kuna mazoea mabaya. Mwanafunzi wa sayansi humdharau mwenzake asomaye historia, akidhani kuwa historia ni hadithi za wazee. Na yule wa historia humwona mwenzake kuwa mtu wa kuhesabu mapezi ya samaki. Ili tupime dhana hizi, tutazame vitabu vitatu vilivyoandikwa juu ya ziwa hili na watu wa pwani yake. Kila kimoja tutakiuliza maswali matatu: kiliuliza nini, kilimwuliza nani, na kiliacha nini?

Kitabu cha kwanza ni taarifa ya Michael Graham, mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, iliyotolewa mwaka wa 1929 baada ya uchunguzi wa mwaka wa 1927 na 1928. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka wa 1901, na nyavu za kutega za kutoka Ulaya ziliingia ziwani miaka michache baadaye. Soko likapanuka, na ngege, samaki apendwaye kuliko wote, akaanza kupungua. Swali la Graham lilikuwa moja na lilikuwa wazi: kwa nini ngege anapungua, na afanyiwe nini? Aliwapima samaki, akalinganisha nyavu, kisha akashauri kwamba macho ya wavu yasiwe madogo kuliko inchi 5, ili samaki wapate kuzaa kabla ya kuvuliwa. Sifa ya kitabu hiki ni uaminifu wake kwa vipimo. Hakikupambwa kwa maneno, na kila shauri lina sababu yake.

Upungufu wake je? Jicho la wavu hupimika kwa rula, lakini tumbo la mvuvi halipimiki hivyo. Mtu anunuaye wavu wa macho madogo hafanyi hivyo kwa kutojua kwamba samaki huzaa; pengine ana deni la mtumbwi au watoto wanaongojea chakula. Swali la kwa nini watu huivunja kanuni njema halijibiwi kwa kupima samaki. Sheria ya macho ya wavu iliwekwa, ikawa ngumu kusimamiwa, na baadaye ikaondolewa.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kumlaumu Graham, maana katika taarifa hiyo hiyo alitoa onyo kubwa. Alisema kwamba kuleta ziwani samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine kungekuwa hatari sana, isipokuwa uchunguzi mrefu utangulie. Mwaka wa 1960 mtaalamu mwingine, Geoffrey Fryer, alikumbusha hatari hiyo. Lakini waliotaka samaki huyo walikuwa na hoja yao: ziwa limejaa fulu, vidagaa vyenye miiba na bei ndogo, kwa nini wasiliwe na samaki mkubwa mwenye nyama na thamani? Mwaka wa 1962 na 1963 mbuta, aitwaye sangara huko Tanzania, alitiwa majini Entebbe na Kisumu. Hata kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuonekana ziwani. Katika miaka ya 1980 aliongezeka kwa kishindo. Mvuvi huita fulu kwa jina moja, lakini mtaalamu alikuwa akitenga aina mamia, kila moja na meno yake na chakula chake. Nyingi katika hizo zilitoweka, zikisukumwa na mbuta, na uvuvi uliozidi, na maji yaliyochafuka.

Angalia, msomaji, kosa lilipokuwa. Sayansi haikukosa kusema. Walioamua waliuliza swali moja tu, ukubwa na bei ya samaki, nao wakapata jibu lake: mbuta alileta fedha nyingi kweli. Maswali ambayo hayakuulizwa ndiyo yaliyokuja kudai haki yake. Mathalan, viwanda vya kukata minofu kwa ajili ya Ulaya vilipojengwa, wanawake waliozoea kununua samaki ufukweni walijikuta wakinunua mifupa iliyobaki, ile iitwayo mgongo wazi, wakaikaanga na kuiuza kwa watu wenye kipato kidogo. Samaki alikuwa amegeuka kuwa habari ya jiko, ndoa, mshahara na biashara ya dunia. Nani angeyaeleza hayo kwa kumpima mbuta urefu?

Kitabu cha pili ni historia ya Wajaluo wa Kusini iliyoandikwa na Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem aliyesoma Maseno, na aliyefariki mwaka wa 2025. Ilichapishwa Nairobi mwaka wa 1967. Swali lake lilikuwa hili: watu hawa walitoka wapi, na walifikaje hapa? Hapakuwa na maandishi ya kale ya kufungua. Ogot akawaendea wazee, akakusanya masimulizi ya koo, akayalinganisha ya Nyanza na ya Padhola nchini Uganda. Asiyejua hudhani kwamba kazi hii ni kusikiliza na kuandika. La hasha! Ilihitaji hesabu pia. Ogot alikadiria kizazi kimoja kuwa miaka 27 hivi, akahesabu vizazi kurudi nyuma. Fanya hesabu hiyo mwenyewe: vizazi 12 ni miaka 324, lakini ukikosea miaka 3 katika kila kizazi, umekosea miaka 36. Hapo utaona kwamba mwanahistoria naye ana rula yake, na hapana budi ajue inapopinda.

Ushindi wa kitabu hiki ni kuonyesha kwamba neno la mdomo, likipimwa kwa neno jingine, laweza kuwa ushahidi. Upungufu wake ni kwamba sauti isikikayo zaidi ni ya wazee wa kiume, na jambo litawalalo ni safari za koo. Watu wanatembea, wanapigana, wanakaa. Lakini ni nani aliyepika, na ni nani aliyewafundisha watoto usiku?

Swali hilo lilichukuliwa na kitabu cha tatu, kiitwacho Siaya, cha David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, kilichotolewa mwaka wa 1989. Hapa historia na elimu ya jamii zimeshikana mikono. Waandishi wanamleta mbele pim, bibi mzee aliyewalea na kuwafunza watoto katika siwindhe, na wanaonyesha jinsi maarifa mengi ya jamii yalivyopita kinywani mwake. Kitabu hiki kina upana kuliko viwili vya kwanza. Walakini upana una gharama yake: msomaji atakaye tarehe zilizopangwa kwa utaratibu atasumbuka, na hakuna atakayejifunza humo jinsi ngege anavyozaa.

Basi hukumu yangu ni hii. Upana wa utafiti si mtu mmoja kujua kila kitu, kwa maana hapo hujua kila kitu nusu nusu. Ni kila mtafiti kuijua mipaka ya taa yake, kisha kumwita mwenzake aliye na taa nyingine. Graham bila Ogot hutupa samaki wasio na wavuvi. Ogot bila Graham hutupa wasafiri waliofika ziwani, nasi tusijue kilichomo majini. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nawe, msomaji, utakapopita sokoni ukaona fungu la omena, lichukue liwe zoezi lako. Uliza omena anakula nini na anazaa lini. Uliza pia ni nani aliyemnunua ufukweni, kwa bei gani, na fedha zilikwenda mkononi mwa nani. Ukijibu la kwanza peke yake, au la pili peke yake, usiseme bado kwamba umemjua omena.