Kifungu Kimoja cha Neva ya Jirani: Jinsi Kiwiko Kilivyorudishiwa Nguvu

Mwaka 1994 daktari mpasuaji wa Ufaransa, Christophe Oberlin, na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 4 tu. Wote walishindwa kukunja kiwiko kwa sababu mizizi miwili ya neva za mkono ilikuwa imenyofoka shingoni. Tiba waliyopewa ilitisha kuisikia: sehemu ya neva nzima, inayofanya kazi vizuri, ilikatwa na kuungwa kwenye neva iliyokufa. Leo upasuaji huo unaitwa kwa jina la Oberlin duniani kote. Unastahili kuchambuliwa, maana nguvu yake yote imetokana na kuujua mkono ulivyoumbwa.

Tuanzie shingoni. Neva za mkono hutoka kwenye ugwe mgongo kwa mizizi 5: wa 5, wa 6, wa 7 na wa 8 ya shingo, pamoja na wa kwanza wa kifua. Mizizi hiyo hupita nyuma ya mtulinga ikiungana na kuachana, na ikifika kwapani huwa imezaa neva kuu 5. Neva ya kwapa huinua mkono begani. Ya radiali hunyoosha kiwiko, kifundo na vidole. Ikikatika, kiganja huning'inia. Neva ya kati hukunja vidole vingi na kukileta kidole gumba kikabiliane na wenzake. Ya ulna ndiyo ile inayokupiga shoti ukijigonga nyuma ya kiwiko. Huendesha misuli mingi midogo ya kiganja, na ndiyo inayohisi kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Ya tano, muskulokutani, huamuru baisepsi, ule msuli mnene wa mbele ya mkono, pamoja na brakialisi iliyo chini yake, na kiwiko kikakunjika.

Mizizi hiyo ina mgawanyo wake wa kazi. Wa 5 na wa 6 hutawala bega na kukunja kiwiko. Wa 8 na ule wa kifua hutawala kiganja. Mwendesha bodaboda akirushwa akaangukia bega, kichwa huvutika huku na bega kule, na mizizi ya juu ndiyo inayoumia kwanza. Watoto wanaokwama bega wakati wa kuzaliwa huweza kuumia mahali pale pale pia, ingawa wengi wao hupona wenyewe. Mtu mzima ambaye mizizi hiyo imenyofoka hubaki na mkono wa kusikitisha: vidole vinashika kijiko, lakini kijiko hakifiki mdomoni.

Neva iliyokatika njiani huweza kuungwa. Mzizi ulionyofoka kwenye ugwe mgongo hauungiki, kwa kuwa upande wa pili hakuna cha kushonea. Kabla ya Oberlin, wapasuaji waliazima neva za katikati ya mbavu, au ile ya msuli unaopandisha bega, na mara nyingi walilazimika kuongezea kipande cha neva kilichotolewa mguuni ili ifike. Adui alikuwa umbali. Nyuzi za neva huota kwa takriban milimita 1 kwa siku. Msuli uliokosa neva nao hunyauka, na baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hauitikii tena hata neva ikiufikia.

Basi Oberlin alitafuta neva nzima iliyo jirani kabisa na baisepsi, akaiona ya ulna. Hushuka upande wa ndani wa mkono, sentimita chache tu kutoka tawi la baisepsi, na mizizi inayoilisha ni ile ya chini iliyosalimika.

Ngozi hupasuliwa upande wa ndani wa mkono, kati ya kwapa na kiwiko. Tawi la baisepsi hukatwa karibu na linapochipuka, ili libaki refu la kutosha kugeuzwa. Kisha ala ya neva ya ulna hufunguliwa chini ya hadubini. Ndani yake nyuzi zimekusanyika katika vifungu, na hapa ndipo ulipo ustadi wote. Daktari hugusa kifungu kimoja kimoja kwa umeme hafifu huku akiutazama mkono. Kinachochezesha vidole huachwa. Kinachokunja kifundo ndicho huchaguliwa, kwa sababu kifundo kina msuli mwingine wa kukikunja, unaolishwa na neva ya kati. Kifungu kimoja au viwili hukatwa na kushonwa kwenye tawi la baisepsi kwa uzi mwembamba kuliko unywele, bila kuvutana hata kidogo; mshono ukivutana, kovu huziba njia.

Hofu kubwa ilikuwa kiganja kudhoofika. Uzoefu wa miaka iliyofuata umeonyesha kwamba wagonjwa walio wengi hawapotezi nguvu ya kushika. Baisepsi kwa kawaida huanza kutikisika kati ya miezi 3 na 6. Mwanzoni mgonjwa hukunja kiwiko kwa kukaza ngumi, kwani ubongo bado unazijua nyuzi zile kuwa ni za mkono wa chini. Kwa mazoezi ya kudumu hujifunza upya, hata akanyanyua kikombe bila kukifikiria kifundo.

Wengine waliendeleza njia hiyo. Susan Mackinnon, aliyefanya kazi Marekani, aliongeza kifungu cha neva ya kati kwa ajili ya brakialisi. Somsak Leechavengvongs wa Thailand, aliyeshiriki katika taarifa ya 1994, alielekeza tawi la neva ya radiali kwenye msuli wa bega. Lakini mizizi yote 5 ikinyofoka, mkono huo hauna tena neva ya kuazima, na njia ya Oberlin haifai.

Kwa hiyo nawasihi ndugu wa majeruhi, na matabibu wa vituo vya afya: mkono usiokunja kiwiko baada ya ajali usifungwe kitambaa shingoni na kusubiriwa mwaka mzima. Miezi 3 ikipita na baisepsi haijatikisika, mpelekeni mgonjwa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa neva au wa mkono. Matokeo bora hupatikana upasuaji ukifanyika ndani ya miezi 6 tangu ajali.