Mrithi wa Shujaa: Jinsi ya Kupima Timu Mpya ya Katuni

Majina yakibadilika kwenye jalada, msomaji wa siku nyingi huingiwa na wasiwasi. Mwandishi ni mgeni, mchoraji ni mgeni, ila shujaa ni yule yule. Katika katuni za Marekani hili haliepukiki. Thor alianza kuchapishwa na Marvel mwaka 1962, Daredevil mwaka 1964, na hakuna mtu mmoja awezaye kuwabeba mashujaa hao miaka yote hiyo. Mjuzi hulizoea badiliko, kisha huuliza: je, waliopewa urithi huu wameusoma? Vipimo vifuatavyo vitakupa jibu.

Wanalipaje madeni ya waliowatangulia?

Alan Moore alipokabidhiwa Swamp Thing, katuni ya kampuni ya DC, toleo lake la kwanza, namba 20, alilitumia kufunga visa vilivyoachwa wazi na Martin Pasko. Hakujifanya kwamba havikuwapo. Timu inayoruka juu ya visa vya jana bila neno itaviruka na visa vyake yenyewe kesho. Msomaji aliyefuatilia kwa miaka ana haki ya kuona mlango ukifungwa kwa adabu kabla mwingine haujafunguliwa.

Wanafuta, au wanafasiri upya?

Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Tangu Len Wein na Bernie Wrightson walipombuni, msomaji aliamini kwamba Swamp Thing ni mwanasayansi Alec Holland, aliyeungua katika mlipuko, akatumbukia kinamasini, akageuka dubwana la majani. Katika toleo namba 21, la Februari 1984, Moore na wachoraji Stephen Bissette na John Totleben wanaulaza mwili huo juu ya meza ya uchunguzi. Ndani yake kuna mapafu yasiyoweza kuvuta pumzi, na viungo vingine visivyofanya kazi yoyote. Holland alikufa siku ile ile. Mimea ya kinamasini ilinyonya kumbukumbu zake, ikajidhania ni mtu.

Angalia ufundi huo. Mlipuko upo palepale, kinamasi kipo palepale, hakuna kisa cha zamani kilichotangazwa kuwa uongo. Kilichogeuka ni maana. Ukirudi kwenye matoleo ya zamani unayakuta yana huzuni ambayo hukuiona mwanzo. Timu dhaifu hukuambia kwamba ulichokipenda hakikutokea. Timu hodari hukufanya ukisome tena.

Wanajua kilichomo stoo?

Frank Miller aliingia Daredevil kama mchoraji tu, toleo namba 158, mwaka 1979. Mwaka 1981 alipoanza kuandika pia, alihitaji adui mkubwa. Akamwendea Kingpin, bwana wa uhalifu aliyekuwa adui wa Spider-Man tangu 1967, akamfanya uzito unaokalia mji mzima. Shujaa wake ni wakili kipofu anayeamini sheria. Akamletea mtu anayeinunua sheria. Adui mpya kila mwezi ni dalili ya haraka. Adui wa zamani aliyepewa sababu mpya ni dalili ya kusoma.

Ukurasa unasimama bila maneno?

Funika viputo vya maneno kwa kiganja. Kama bado unajua nani anamwogopa nani, mchoraji anastahili mshahara wake. Miller, akisaidiwa na wino mzito wa Klaus Janson, alipanga visanduku vyembamba vilivyosimama kama maghorofa ya New York, hata jicho likaporomoka pamoja na shujaa. Usimsahau mwandika herufi wala mtia rangi: herufi za John Workman katika Thor ya Walter Simonson ni sehemu ya mchoro, na rangi za Tatjana Wood ndizo zilizokifanya kinamasi cha Moore kionekane kina unyevu.

Wanapanda na kusubiri?

Simonson alianza Thor kwa toleo namba 337, Novemba 1983. Katika kurasa za mwanzo kuna mtu asiyejulikana anafua upanga. Toleo baada ya toleo mlio wa nyundo yake unarudi kidogo, kisha kisa kinaendelea. Zaidi ya mwaka unapita ndipo upanga ule unatua vitani, na msomaji anatambua kwamba aliandaliwa tangu siku ya kwanza.

Pima na vifo kwa mizani hiyo hiyo. Mhusika Elektra aliuawa katika Daredevil namba 181, mwaka 1982, na kifo chake kiliuma kwa sababu Miller mwenyewe ndiye aliyemleta na kumlea tangu namba 168. Timu inayoingia na kumuua mhusika aliyelelewa na wengine, ili tu ipate kelele, inatumia akiba ambayo haikuiweka.

Wape muda

Usihukumu kwa toleo la kwanza. Mashujaa wa kundi la X-Men walikaa miaka mitano wakichapishiwa visa vya zamani kabla Len Wein na Dave Cockrum hawajawafufua mwaka 1975, wakiwa na Storm, ambaye Profesa Xavier, kiongozi wa kundi hilo, anamkuta hapa Kenya. Chris Claremont aliipokea kazi hiyo na kukaa nayo miaka kumi na sita; sifa zake nyingi zilikuja baada ya miaka ya kwanza.

Basi fanya hivi: tafuta matoleo mawili ya mwisho ya timu iliyoondoka, yasome mfululizo na sita ya kwanza ya timu iliyoingia. Kama ya zamani yamezidi kuwa matamu baada ya mapya, endelea kununua. Shujaa yuko mikononi mwa watu wanaomjua.