Wasoma Vipimo wa Mto Mkondoa

Mvua yaweza kumwagika kwenye milima ya Rubeho huku Kilosa mjini jua linawaka, na mto ukajaa bila watu kutarajia. Ndiyo maana nawapongeza wasoma vipimo vya maji wa Mkondoa: asubuhi na jioni, matope yasiwe kisingizio, mtu hushuka ukingoni, hutazama ubao wenye namba, huandika kina daftarini. Desemba 2009 na Januari 2010 mto ulivunja tuta, ukahamisha maelfu ya watu na kung'oa Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Daftari hizo ndizo huiwezesha Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu kupima hatari bila kubahatisha. Wanastahili posho nono, na vijito vya Mikumi navyo viwekewe wasomaji.