Kutu Si Miaka

Kisiwani Mombasa chuma hakidumu. Tundika gitaa la umeme ukutani katika nyumba ya Kibokoni inayopata upepo wa bandari ya kale, na skurubu zake zitakuwa kahawia kabla hujabadilisha nyuzi mara ya tatu. Mgeni ataapa kwamba gitaa hilo lina miaka 40. Fundi wa hapa haamini kutu hata kidogo, na kwa hilo namheshimu. Jioni nyingi nimekaa kando ya meza ya mmoja wao, mzee wa Mji wa Kale, nikimtazama akisoma magitaa.

Siku moja kijana alileta Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Kimarekani ya Fender. Akasema ni ya 1962, ya marehemu babu yake aliyepiga katika bendi za mahoteli ya pwani, ulimwengu uleule uliowakuza Them Mushrooms, bendi iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1972.

"Haya mwanangu, tuifungue," akasema mzee.

Alianza nyuma, kwenye bamba la chuma linaloshika shingo. Akalisugua kwa kidole gumba mpaka zikatokea herufi mbili, JV, na tarakimu baada yake. Basi 1962 ikaondoka. Herufi hizo ni za magitaa yaliyotengenezwa kuanzia 1982 na kiwanda cha FujiGen, mjini Matsumoto, Japani, kwa kufuata mifano ya Fender ya zamani.

Lakini kazi ndiyo kwanza ilianza, kwa sababu JV si moja. Ile inayofuata mfano wa 1957 ina shingo ya mti mweupe mtupu, na bamba lake la plastiki ni la tabaka moja, skurubu 8. Ya mfano wa 1962 imebandikwa ubao mweusi wa vidole, na bamba lina tabaka tatu, skurubu 11. Kisha kichwa: za mwanzo zimeandikwa Fender kwa herufi kubwa, na Squier, chapa ya Fender, kwa herufi ndogo pembeni, baadaye jina la Squier likawa ndilo kubwa. Wakusanyaji huzitafuta zaidi zile za mwanzo. Nyingi zilizouzwa nje mwanzoni zilitiwa sumaku za kunasa sauti kutoka Marekani, kwa hiyo mzee aliinua bamba, akachungulia nyaya, halafu lehemu. Lehemu iliyoguswa mara ya pili hung'aa tofauti na jirani zake. Hapo ndipo bei hupanda au huanguka.

Gitaa la Marekani lina ushahidi mwingine humo ndani. Kidhibiti cha sauti kilichopigwa muhuri 1376612 kilitoka kiwanda cha CTS, wiki ya 12 ya mwaka 1966. Ikiwa lehemu haijaguswa, gitaa haliwezi kuwa la kabla ya hapo, muuzaji aape atakavyo.

Barabara ya Ndia Kuu ina milango ya nakshi ya kale, na wachongaji wa pwani bado wanachonga mipya kwa ruwaza zilezile. Mlango mpya uliochongwa vizuri hauna kosa lolote. Kosa huingia siku unapopakwa uzee na kuuzwa kama urithi. Ndivyo ilivyo kwa magitaa: JV ni nakala, lakini iliandika asili yake kwenye chuma, wazi, na mimi naiona kazi ya heshima. Tangu kampuni ya CBS iinunue Fender mwaka 1965, wapigaji wengi walilalamika kwamba ubora umeshuka. Wajapani wakarudi kwenye vipimo vya kale wakavifuata kwa nidhamu. Mwaka huohuo wa 1982 Fender yenyewe ilianza kutoa nakala za magitaa yake ya kale huko Fullerton, Marekani.

Mzee alimwambia kijana ukweli: si ya 1962, lakini ni gitaa zuri, na sumaku zake hazijabadilishwa. Akarudisha kila skurubu katika tundu lake.

Nawe msomaji, kama mzee wako alikuachia gitaa, usilipeleke kupakwa rangi mpya, maana rangi mpya hupunguza thamani. Na skurubu utakazotoa zitie koponi uziweke, hata zikiwa na kutu.